Nilimwambia Mama Nimenyimwa Ruhusa

Kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa, maana watu wote wanaonijua huko Morogoro mjini wanadhani kosa ni la Mzungu wangu, na mimi nimewaacha wadhani hivyo tangu kabla ya masika.

Jina langu naomba lisitoke gazetini. Si kwamba naogopa askari, kwa kuwa sheria ya Serikali sijavunja. Naona haya tu. Nilifundishwa kusoma na kuandika shuleni, nikawa nasema ipo siku na mimi nitapeleka habari kwenye gazeti hili kama wanavyopeleka wenzangu, habari ya safari au ya mvua. Barua yangu ya kwanza imekuwa hii.

Nilikuwa boi wa nyumbani. Bwana wangu hakuwa Mdachi wa Serikali ya Kijerumani. Alikuwa Mwingereza aliyekuja kununua ulanga, yale mawe yanayong'aa na kubanduka kama karatasi, yanayochimbwa huko juu Uluguru. Nilimfulia, nilimpigia pasi, nilimwandalia meza. Hakuwa mkali. Hakuwahi kuniinulia mkono, na mabwana wa wenzangu wengi hawakuwa hivyo.

Ila alikuwa mpweke. Wadachi wa boma walikunywa naye bia, lakini mchezo wake hawakuujali. Mchezo wenyewe unaitwa gofu. Unapiga kipira kidogo kigumu kwa fimbo yenye kichwa cha chuma, unakifuata kilipoangukia, unakipiga tena, mpaka kiingie shimoni. Bwana alifyekesha uwanja nyuma ya nyumba, akafukia makopo matupu ya maziwa yakawa ndiyo mashimo, jioni akawa anacheza peke yake. Mimi namfuata nyuma nimembebea fimbo.

Jioni moja akachoka kucheza peke yake. Akanipa fimbo, akasema nijaribu.

Ndugu msomaji, sijui nikueleze vipi. Nikipiga vibaya, bwana alicheka na mimi nikacheka. Naye akipiga vibaya nilicheka, na hakukasirika. Nilikuwa nimemtumikia muda mrefu na sikuwa nimewahi kucheka mbele yake. Pale uwanjani hakuniita boi. Alikuwa akiningoja nipige, kimya, mikono nyuma, kama mtu anavyomngoja mtu. Tukimaliza, narudi jikoni kuchemsha maji yake ya kuoga.

Hilo ndilo lililonipoteza. Nilitaka niwe nangojewa vile kila siku.

Lakini mchezo sikuujua. Chuma changu kilikuwa kinachota udongo kabla ya kuufikia mpira, mpira unasogea hatua chache tu. Nikijirekebisha, naugonga kichwani, unaserereka kwenye nyasi bila kuinuka. Bwana akanipa fimbo yake moja ya zamani niende nayo nyumbani. Kwa Kiswahili chake akaniambia, "Wewe piga ardhi kwanza, mpira baadaye. Hapana. Mpira kwanza, ardhi baadaye. Nyumbani, kila siku, pole pole."

Nyumbani kwangu ni Mwembesongo. Nilikuwa naishi na mke wangu, na mama yangu mzazi.

Mama alikuwa mtu wa Matombo. Alishuka mjini kumfuata marehemu baba, aliyekuja kufanya kazi ya kujenga reli, na baba alipofariki hakurudi tena mlimani, akabaki kwangu. Wakati ninaosimulia miguu ilikuwa imemvimba, kutembea hawezi, na macho yamefifia. Alilala chumba cha uani, karibu na dirisha. Kwa hiyo kila nilichofanya uani alikisikia.

Jioni nikitoka kazini nilikuwa nachora mstari chini kwa majivu. Naweka miguu huku na huku, nazungusha fimbo bila mpira, halafu naangalia chuma kimekwaruza wapi. Kikikwaruza nyuma ya mstari, nimekosa. Kikikwaruza mbele yake, ndiyo yenyewe. Mwanzoni karibu yote ilikuwa nyuma. Nikagundua kwamba nikiinua fimbo naegemea mguu wa kulia, na nikishusha nabaki huko huko kama mtu anayeogopa kuvuka mto. Nikajizoeza kuhamia mguu wa kushoto kabla mikono haijashuka, na kichwa nisikiinue kutazama mpira unakwenda wapi kabla sijaupiga.

Mipira niliifinyanga mwenyewe kwa utomvu wa mpira kutoka mashambani, nikatundika jamvi kuukuu kati ya nguzo mbili liwe linaizuia. Mke wangu alifagia ule uwanja asubuhi, jioni mimi nikauchimba. Alinung'unika, kisha akaacha.

Mama ndiye aliyenifundisha kuliko bwana. Hakuwa ameuona mchezo huo hata siku moja, lakini baada ya siku chache akaanza kunisemesha kutoka ndani. "Hiyo umepiga udongo." Au, "Hiyo umeigusa tu." Na mara moja moja, "Hiyo umeipata, mwanangu." Hakukosea. Mlio wa mpira uliopata chuma sawasawa ni mmoja, mkavu na mfupi, naye aliujua kabla mimi sijaujua mikononi. Tulizoea. Mimi uani, yeye kitandani, tunaongea kwa namna hiyo mpaka giza linaingia.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Mama alikuwa na mdogo wake wa kike huko Matombo, mama yangu mdogo. Waligombana siku mama aliposhuka mjini. Kwetu Uluguru ardhi hupitia kwa mama, na wao wawili waliachiwa na bibi shamba moja la migomba. Mama mdogo akamwambia, anayemfuata mume mjini asidai tena shamba. Mama kwa hasira akasimama katikati ya migomba, akasema shamba hilo lisimpe mdogo wake uzao wa kulirithi. Akaondoka.

Miaka ikapita. Mama mdogo ana binti mmoja tu, na binti huyo alipoolewa akazaa mtoto akafa, akazaa mwingine akafa. Mama mdogo ni Mkristo, alikwenda misheni, padri akawaombea. Lakini moyoni alijua anachokijua, na mama naye aliposikia habari hizo alijua.

Mama hakuwa mtu wa kulia. Aliniita siku moja nikae kitandani kwake, akanieleza yote hayo, ambayo sikuwa nayajua. Akasema binti ana mimba tena. Akasema, "Nipeleke. Inabidi niyaondoe maneno yale kwa mdomo wangu, pale pale niliposimama. Nichukue maji, nipulize, niseme nimeyafuta. Nikifa sijafanya hivyo, nani atayafuta?"

Nikamwambia nitampeleka.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuwezekana. Majirani walikubali kumbeba kwa machela. Kilichobaki ni ruhusa yangu, kwa sababu mtoto wake ni mimi peke yangu, na mbele ya mama mdogo na ukoo ilikuwa lazima nisimame mimi.

Asubuhi nikamwomba bwana. Hakufikiri hata kidogo. Alisema, "Nenda. Mama kwanza. Kaa huko mpaka kwisha." Akaniuliza kama nahitaji blanketi la kumfunika njiani.

Halafu, palepale, akiwa anakunywa chai yake, akasema ni bahati mbaya kidogo, kwa sababu rafiki yake anakuja kwa gari la moshi kutoka Dar es Salaam kucheza gofu, na alikuwa amemwandikia kwamba hapa Morogoro kuna Mswahili anayecheza. Alisema si kitu, watacheza wenyewe. Alisema kweli si kitu, hakunishawishi. Naomba mlielewe hilo.

Nilitoka pale na ruhusa yangu. Njiani kuelekea nyumbani nikawa namfikiria huyo mgeni. Nikawa nafikiria bwana alivyoandika habari zangu kwenye barua. Nikajiambia, mama amekaa miaka yote hii, hawezi kushindwa kukaa mpaka mgeni aondoke.

Nilipofika, mama aliniuliza bwana amesemaje.

Nikasema, "Amekataa."

Ilitoka hivyo, rahisi. Nikaongeza kwamba kuna wageni na kazi ni nyingi, na kwamba amesema baadaye. Mama akasema basi tungoje, nisije nikaharibu kazi.

Mke wangu ndiye hakukubali. Alivaa kanga yake ya kutokea, akasema anakwenda mwenyewe kumwangukia huyo bwana miguuni, Mzungu naye ana mama. Nilimzuia mlangoni. Nilimwambia atanifukuzisha, tutakula nini. Nilisema kwa ukali ambao si wangu, akavua kanga akarudi jikoni.

Na kwa bwana nako nikasema uwongo. Nilimwambia mama amepata nafuu kidogo, mwenyewe ameomba tungoje. Bwana alifurahi. Alinipiga bega.

Majirani wa machela nikawaambia bado.

Baada ya hapo nilijizoeza kama mwenda wazimu. Alfajiri kabla ya kazi, jioni baada ya kazi. Mama aliendelea kunisikiliza. Sauti yake ilikuwa inapungua, ila alisema, "Hiyo umeipata." Siku moja aliniuliza kama wageni wa bwana wamekwishafika. Nikasema bado. Hakuuliza tena.

Siku moja kabla ya mgeni kufika, bwana alinipa nafasi mapema nikajizoeze. Ilikuwa mchana, jua kali, mke wangu amekwenda mtoni kufua. Nilimsalimia mama dirishani, "Shikamoo mama." Akaitikia, marahaba. Nikachora mstari wangu.

Siku hiyo ile namna ya kupiga ikaja yenyewe. Sijui ilitoka wapi. Mpira wa kwanza niliupata, wa pili niliupata. Nikaona labda ni bahati, nikaweka mwingine, nikaupata. Mikono haikuhisi kitu kabisa, na wanaocheza watanielewa: ukiupata sawasawa huhisi kitu. Mlio ule mkavu ulikuwa unarudi kwenye kuta, mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa natabasamu peke yangu kama mjinga.

Nilikuwa namngoja mama aseme. Hakusema. Nikapiga tena, nikapumzika kidogo ili apate nafasi. Kimya. Nikasema kwa sauti, "Mama, hiyo je?" Kimya. Nikaudhika, naungama hata hilo, nikaudhika kwamba siku zote za kukosea alikuwa macho, na leo nimepata amelala. Nikaendelea kupiga. Niliendelea muda mrefu, mpaka jua likapita paa.

Mke wangu aliporudi na nguo kichwani aliingia kumwangalia. Akatoka bila ule mzigo. Akasema tu, "Njoo."

Mama alikuwa ameelekea dirishani. Mkono ulikuwa umeshika ukingo wa kitanda, kama mtu aliyetaka kujiinua. Ulikuwa umekwisha kupoa. Sijui alikufa kwenye mpira upi. Sijui kama aliniita nami sikusikia kwa kelele zangu.

Tulimzika kwa taratibu za dini, mapema kesho yake, huko huko mjini. Hakukuwa na kumpeleka mlimani tena.

Mama mdogo alishuka na watu wa Matombo, akatukuta matangani. Alikuwa amekonda, rozari mkononi. Hakulia kwa sauti. Alinivuta pembeni, akaniuliza kama mama alisema lile neno, kama aliacha amelifuta. Nikamwambia hakuwahi. Nikamwambia alitaka kuja kulisema kwa mdomo wake, lakini Mzungu wangu alininyima ruhusa.

Alinikumbatia. Nilimlilia begani. Alinipapasa kichwa akasema, "Basi mwanangu, si kosa lako. Wewe ni mtumishi wa watu, ungefanya nini?" Na matanga yote yakawa yanasema vivyo hivyo. Wazee wakasema Wazungu hawana utu. Watu waliniletea chakula, wakaniambia kula, umeumia sana. Na mimi nilikula.

Mama mdogo aliporudi kwake, bwana akaja. Alikuja kwa miguu mpaka Mwembesongo, amevua kofia, na lile blanketi mkononi, nadhani hakujua alete nini. Mke wangu akampa kigoda. Bwana akasema, "Pole. Pole sana. Mimi nilisema nenda na mama. Nilisema siku ile. Kwa nini mama alitaka kungoja?"

Mke wangu alinitazama. Sikuweza kumtazama. Kisha yeye ndiye aliyemjibu bwana, kwa upole, kwamba mama alikuwa hajiwezi, safari ilikuwa ngumu. Bwana akatikisa kichwa, akaondoka.

Nilingoja mke wangu apige kelele. Hakupiga. Alikunja lile blanketi akaliweka juu ya kitanda cha mama. Akasema, "Sikukusitiri wewe. Nimemsitiri mama asizungumzwe barabarani." Tangu siku hiyo akawa anaongea na mimi ya lazima tu. Kula. Maji yako tayari. Kuni zimekwisha.

Mnataka kujua kama nilicheza. Nilicheza. Mgeni alikuwa bado yupo, bwana akaniuliza kwa kusitasita kama ningependa, nikasema ndiyo. Wala sikuwa na hamu. Nilikwenda kwa sababu sikujua niende wapi pengine. Na niliupata mpira kila mara. Mgeni alinipa mkono mbele ya watu wa boma waliokuja kutazama. Bwana alikuwa anacheka kwa furaha. Mimi nilikuwa nimesimama pale nimeshika fimbo, na ndani hakuna kitu, si furaha wala huzuni. Nilikuwa nawaza kwamba nina njaa.

Kesho yake nilimrudishia bwana fimbo yake na kazi yake. Hakuelewa, nami sikumweleza.

Mke wangu aliniambia jambo moja nje ya yale ya lazima. Aliniambia niende nikamwambie mama mdogo. Nikakaa mwezi, nikijifanya sikusikia. Mwishowe nikapanda.

Nilimkuta anapepeta mpunga. Nikamwamkia, akaitikia, akafurahi kuniona, akataka kuinuka anipikie. Nikamwambia akae. Nikamwambia ruhusa nilipewa. Nilimwambia yote, na jamvi, na majivu, na kwamba mama alipokuwa anakata roho mimi nilikuwa uani nacheza.

Aliendelea kupepeta mpaka nikamaliza. Kisha akaweka ungo chini.

"Siku ile nilikubembeleza," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nilikuambia si kosa lako."

"Ndiyo."

Akamwita binti yake aliyekuwa ndani. Akatoka, dada yangu huyo, mimba imekwisha kuwa kubwa, anatembea ameshika kiuno. Mama mdogo akaniambia, "Sema tena. Mwambie yeye."

Nikasema tena. Mara ya pili ilikuwa fupi, kwa sababu hakuna mengi ya kusema. Dada yangu alisikiliza amesimama. Aliuliza neno moja tu, "Ulikuwa unacheza?" Nikasema nilikuwa nacheza. Akageuka akaingia ndani, taratibu, kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa.

Sikufukuzwa. Nilidhani nitafukuzwa. Mama mdogo alinionyesha mahali pa kulala, na mpaka sasa niko hapa Matombo, nachanja kuni, nateka maji, nabeba ndizi za watu kupeleka misheni. Kwenye shamba lao sijakanyaga. Hakuna aliyenikataza. Mke wangu amebaki mjini, sijui kama atanifuata.

Siku za dada yangu zimekaribia. Hakuna anayetaja. Mama mdogo anasali asubuhi na jioni, na alikwenda kwenye ile migomba na maji mdomoni akapuliza mwenyewe, ingawa anajua si yeye aliyetakiwa. Padri anasema hayo ni ya kale, tumtegemee Mungu. Huenda ni kweli. Huenda mtoto atazaliwa mzima, akaishi, nikaonekana nimejisumbua bure. Sijui. Na asipoishi, sijui nitasimama wapi kwenye uwanja huu, maana kila mtu hapa atanitazama, au hatanitazama.

Wewe unayesoma, kama nyumbani kwako kuna mgonjwa aliyekuomba umpeleke mahali, usimwambie baadaye. Kama una jambo lako unalolipenda zaidi wakati huo, mwambie hivyo, mwambie, mama, nacheza kwanza. Akukasirikie akiwa hai. Atafute mtu mwingine wa kumbeba. Mimi nilimfungia mama yangu njia zote kwa neno moja, kisha nikamwacha anisaidie kujifunza mchezo.

Wanawake wamemwita mkunga. Naambiwa nikateke maji ya kutosha.